Onja Kwanza

Unga wa mlenda ukikutana na maji ya moto hutoa harufu ya majani yaliyokauka juu ya bati, ya vumbi la kiangazi, na kwa mbali ya magadi. Naupika karibu kila siku, kwa hiyo mtu angedhani pua yangu imeshaizoea harufu hiyo. Siku nyingi imeizoea kweli. Lakini juma lililopita simu iliita nikiwa nimeinamia chungu. Mikono ilikuwa imejaa karanga za kusaga, nikaigusa kwa kiwiko na kuiweka kwenye spika, na sauti ya jirani yake shangazi ikatoka Mvumi mpaka kwenye meza ya wateja wangu hapa Nzuguni.

"Nyemo, shangazi yako katoka hospitali. Kapona. Anasema uje wewe, umpikie cha kwanza."

Nilicheka. Mafundi waliokuwa wakisubiri chakula wakageuka kunitazama, kwa sababu haikuwa habari ya kuchekesha mtu. Mmoja akaniuliza, "Dada, vipi, umeshinda bahati nasibu?" Nikamwambia avute subira, chakula kinaiva. Kisha nikainama tena juu ya chungu na ile harufu ikanipanda kichwani kama ilivyokuwa siku ile ya mama, na sikuweza kuizuia.

Sikumuua mama yangu. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akakaa anasubiri kuona kama mbele ya safari nitakiri jambo. Hakuna la kukiri. Nilimpikia mama chakula kizuri, alikula, na akafa. Waliounganisha mambo hayo mawili waliyaunganisha wao.

Ulikuwa mwaka ule ambao kila nyumba ilinuka mwarobaini na mchaichai. Watu walijifunika blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka, wakatoka wametota, macho mekundu, wakisema wamepona hata kama hawakuwa wanaumwa. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Mdogo wangu Meri alikuwa darasa la nne, na Yona, kitinda mimba wetu, alikuwa bado hajaanza shule. Baba tulikuwa tumeshamzika. Alidondoka kutoka juu ya jengo wakati Yona angali anabebwa mgongoni. Baada ya hapo mama alianza kuwapikia wale wale mafundi aliokuwa akifanya nao kazi baba. Tulikuwa na nyumba yetu ya vyumba vitatu isiyopigwa lipu, na chumba cha mbele alipanga Mama Halima, mwanamke wa Kondoa mwenye mdomo usio na breki.

Kifua cha mama kilianza kama vifua vya watu wengine. Alikohoa huku anapika, alikohoa huku anafua, akajifukiza, akasema ni vumbi la saruji. Kisha asubuhi moja hakuweza kunyanyua ndoo. Aliishika kishikio, akaitazama, akaiacha. Midomo yake ilikuwa imepata rangi ya majivu. Mama Halima alitoka mlangoni na mswaki mdomoni, akamtazama mara moja tu, akatema povu na kupiga kelele aletewe bajaji.

Alilazwa muda mrefu. Shangazi Foibe, dada yake baba, alikuja kutoka Mvumi kukaa nasi, na alikuja na gunia la uwele amelibeba mwenyewe kutoka stendi. Sitaki kumwandika shangazi kana kwamba alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Alimpenda mama. Alimwita wifi kwa sauti ambayo watu wengine huwaitia wachumba. Yeye ndiye aliyekwenda hospitali asubuhi na jioni, akafua nguo za mama kwa mikono yake, akarudi na kutuambia, "Leo kafungua macho. Leo kauliza habari za Yona."

Siku waliyoturuhusu kumwona nilikuta mama amewekewa mtungi mkubwa wa chuma pembeni ya kitanda na mpira puani. Niliambiwa mle ndani mna hewa. Sasa mimi nilijua mitungi ya gesi, najua gesi ikiisha moto unazima. Kwa hiyo muda wote niliokaa pale nilipumua kidogo kidogo, na Meri nilimbana mkono na yeye apumue kidogo, tusije tukavuta hewa ya mama. Meri akaanza kulia kwa kukosa pumzi. Muuguzi akadhani ni uchungu wa kumwona mama, akampa peremende.

Na mama akapona. Hilo watu hulisahau wanapoisimulia habari hii: kifua chake kilipona. Mtungi uliondolewa, mpira ukatolewa, akatembea kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi. Tukaambiwa tukamchukue.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Katika ukoo wa baba, mtu akirudi nyumbani kutoka kwenye ugonjwa uliomlaza, chakula chake cha kwanza hupikwa na binti yake mkubwa. Ni ugali wa uwele na mlenda. Hakuna mkono mwingine unaogusa chungu, mwiko wala chumvi, na wengine wote hukaa nje mpaka amalize kupika. Asiye na binti huita binti wa kaka yake. Wazee wanasema mwili uliokaribia kufa ukilishwa na mtoto wa damu yake unakumbuka kazi yake. Lakini jambo hilo lina upande wa pili, ambao hausemwi siku za furaha. Mgonjwa akiinuka, mkono wa binti umepokelewa. Akianguka, mkono umekataliwa, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyegusa chungu, hakuna mwingine wa kuulizwa.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kama mtoto anavyongoja sikukuu. Nilisaga uwele upya, ingawa ule wa shangazi ulikuwa mzuri. Mlenda niliutwanga na kuuchekecha mara mbili, karanga nikazikaanga na kuzisaga kwenye jiwe la bibi. Kisha tukaenda kumchukua mama, mimi na Meri na shangazi. Shangazi akakaa mbele ubavuni kwa dereva, sisi watatu nyuma, mama katikati.

Nataka nilisimulie vizuri la ndani ya ile bajaji. Mama alikuwa amejifunga kanga mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia chini ya kanga ya juu na ulikuwa unakandamiza tumbo, hapa chini ya kitovu. Bajaji ikiruka kwenye tuta, mkono unabana zaidi na macho yanafumba. Nilimwona. Nikamuuliza, "Mama, njaa inauma?"

Akanitazama. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba alinitazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Akasema, "Njaa ya mlenda wako, mwanangu."

Nikafurahi. Niligeuka kwa shangazi nikamwambia kwa sauti, ili dereva naye asikie, "Shangazi, mama ana njaa mpaka ameshika tumbo!" Shangazi akapiga makofi. "Basi kapona! Mwenye njaa si mgonjwa."

Nilipika peke yangu, mlango umefungwa, moshi umejaa machoni. Mama aliketi kwenye mkeka, akanawa, akakata tonge, akachovya. Mlenda ulivutika kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni kwake kama uzi, akaukata kwa kidole, akameza. "Umepika kama bibi yako," akasema. Akala tena, polepole, akipumzika kati ya tonge na tonge. Leo najua alikuwa anakula juu ya maumivu. Hakutaka kubaki hospitali, hakuwaambia wauguzi, na hakutaka chungu changu cha kwanza kirudi kimejaa. Nikifikiria hilo hasira hunipanda, lakini si kwake.

Jioni tumbo likamshika kweli kweli. Alilalia ubavu, akalalia ubavu mwingine, akasema ni gesi. Asubuhi tumbo lake lilikuwa limejaa na kukaza, na nitasema nilichofikiri: nilifikiri ni dalili njema. Mama alitoka hospitali mbavu zinahesabika, na sasa tumbo limejaa! Niliona chakula changu kimekaa, kimeanza kazi. Nilimwita Meri aje aone. "Mtazame mama, ameanza kunenepa." Tukasimama mlangoni tunachekelea. Kisha mama akatapika, na kilichotoka hakikuwa na rangi ya chakula chochote ninachokijua, na shangazi akatusukuma nje.

Mchana ule alikuwa tena hospitali, akapelekwa moja kwa moja kupasuliwa. Tulikaa kwenye benchi la zege, mimi na shangazi. Aliyetoka kuzungumza nasi alikuwa daktari mwanamke, kijana, amevaa hijabu, na macho yake yalikuwa yamechoka. Nilimsalimia shikamoo, akaitika, na badala ya kusimama akaketi kati yetu.

"Mama," alimwambia shangazi, "ule ugonjwa wa kifua aliokuwa nao wifi yako unaletwa na kirusi. Kwa wengi kinaishia kifuani. Kwa wachache sana kinafanya damu igande ndani ya mishipa. Kwake imeganda kwenye mshipa unaolisha utumbo. Utumbo umekosa damu. Tumekuta sehemu kubwa imekufa."

Shangazi alinyanyua mkono akaonyesha. "Kifua kiko huku juu. Tumbo liko huku chini. Vimekutana wapi?"

"Kwenye damu, mama. Damu inafika kote."

"Hakuna kitu alichokula?"

"Chakula hakifanyi hivi," daktari alisema. Kisha akageuka akanitazama mimi, kana kwamba alijua kwamba swali lile lilikuwa limeelekezwa wapi. "Chakula hakifanyi hivi. Hii ilianza kabla hajatoka wodini."

Mama hakuamka kutoka kwenye usingizi wa kupasuliwa. Kuhusu siku zilizofuata nina machache ya kusema, ila kwamba msiba huwa na swali lake, na swali la msiba wetu lilikuwa, "Alikula nini mara ya mwisho?" Lilianza mkeka wa mlangoni, likazunguka mkeka hadi mkeka, likapita kwa wanaomenya viazi, na kila lilipofika mtu alitafuta kwa macho mpaka akaniona. Nilikuwa naosha vyombo. Mwanamke mmoja niliyempa sahani ya wali aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini ya kiti na kuiacha hapo.

Baada ya matanga shangazi aliita kikao kidogo ndani. Alizungumza kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Simlaumu mtoto. Nasema tu mkono wake haukupokelewa. Mpaka tujue mkono huu una nini, chochote atakachopika, yeye aonje kwanza."

"Daktari alisema ni damu," nikasema. "Ulikuwepo, shangazi."

"Daktari hakumzika mtu. Nimezika mimi."

"Mama alikuwa ameshashika tumbo kwenye bajaji! Kabla hajala chochote! Nilimwona!"

"Nakumbuka," shangazi akasema. "Ulisema mwenyewe kwamba ni njaa. Dereva alisikia."

Kwa miezi yote shangazi aliyokaa nasi, ndivyo tulivyokula. Chakula kinatengwa, wote wananawa, hakuna anayegusa. Mimi nakata tonge, nachovya, natafuna, nameza, nafungua mdomo shangazi aone umebaki mtupu. Kisha tunangoja. Ugali wa uwele ukipoa unakuwa mgumu kama udongo, na tuliula hivyo kila siku. Shangazi akiridhika kwamba sijaanguka anasema, "Haya." Ndipo wanakula. Meri alikuwa ananiangalia kooni kila nilipomeza. Siku moja nilimpa embe, embe tu, nimelichuma mimi, akalishika akanong'ona, "Dada, umeonja?" Na Yona, ambaye hakuelewa chochote, aliugeuza mchezo. Nilimkuta nyuma ya nyumba na Halima, mtoto wa mpangaji wetu, wanapika udongo kwenye vifuniko. Yona alimpelekea Halima kifuniko, akajitia ukali, akasema, "Onja kwanza!" Halima akaonja udongo. Nilimchapa Yona kofi la matakoni, akalia bila kujua kosa lake, na sikujua namna ya kumweleza.

Mtu mmoja tu alikuwa akija kula kwangu kwa makusudi, naye ni Mama Halima. Alikuwa anapiga hodi wakati chungu kikiwa bado kinatokota. "Nipakulie." Anaketi, anakula kabla sijaonja, analamba mpaka bakuli.

"Wewe si wa ukoo huu," shangazi alimwambia siku moja. "Haya hayakuhusu."

"Wifi, tumbo langu halijui ukoo. Linajua njaa tu." Akaninyooshea bakuli. "Ongeza. Nikifa, mnizike na bakuli hili."

Shangazi alicheka. Nakumbuka alivyocheka, akajifuta macho kwa pindo la kanga, kisha akanigeukia: "Nyemo, onja."

Shule niliacha muhula ule. Hakuna aliyenifukuza, na wala sikutangaza. Yona alikuwa anaamka akimlilia mama, na sare yangu ilikuwa imenibana, na mafundi waliokuwa wanakula kwa mama walianza kuuliza nani atawapikia. Nikabeba sufuria zake. Wanaojua habari zetu walipita mbali na meza yangu, wengine wakanisalimia kwa huruma ile ya kutaka uone kwamba wana huruma. Lakini mafundi walikuwa watu wa Kigoma, wa Mbeya, wa Tanga, wamekuja kujenga mji, hawajui nani aligusa chungu kipi. Walikula. Kesho yake walirudi wakiwa hai, wakaomba pilipili. Kila aliyerudi nilimhesabu kama shahidi wangu, ingawa hakujua kwamba anatoa ushahidi.

Kiangazi kilipoanza, wazee wawili wa ukoo walifika kutoka Mvumi. Nilijua wamekuja kwa nini kwa sababu shangazi alikuwa ameshafungasha nguo za Meri na Yona kwenye begi la mama. Nikawapikia wageni, kwani ndiyo heshima. Mzee mkubwa alizungumza huku chakula kikitengwa. Meri na Yona watakwenda Mvumi kwa shangazi. Nyumba itapangishwa. Mimi nimetafutiwa kazi ya ndani Ipagala, kwa familia ya mtumishi mmoja wa serikali.

"Ni watu wazuri," alisema. "Utafua na kuangalia watoto. Tumewaambia wasikuweke jikoni."

Nilikuwa nimepiga magoti naweka bakuli la mlenda katikati ya mkeka. Sijui wengine hasira huwajia vipi. Mimi iliniingia kama maji ya baridi, nikawa mtulivu kabisa. Nikaweka bakuli, nikarudi nyuma, nikaketi, nikaweka mikono mapajani.

Wote walinawa. Wote wakangoja.

"Nyemo," shangazi akasema. "Onja."

"Sionji."

"Nimesema onja kwanza."

"Na mimi nimesema sionji, shangazi. Nimeonja tangu mvua. Sijafa, hamjafa, na mafundi wa watu hawajafa. Mama aliumwa kifua, damu ikaganda, utumbo ukakosa damu. Hicho ndicho kilichomuua. Anayetaka kula, ale. Asiyetaka, asile. Mimi sionji tena mpaka niingie kaburini."

Mzee mdogo alishtuka. "Mtoto wa kike anajibu hivi mbele ya wazee?"

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Sionji."

Nilijua kilichokuwa juu ya ule mkeka. Watoto wasipokula, ndiyo basi, wazee watasema: hata wadogo zake wanamwogopa, wapelekeni. Sikumtazama Yona wala Meri. Sikutaka waseme baadaye kwamba niliwalazimisha kwa macho. Nilitazama mlenda unavyoanza kupata ngozi juu.

Mkono uliotokea ulikuwa mdogo na mkavu. Meri. Meri aliyekuwa ananitazama koo kila siku. Alikata tonge kubwa kupita kiasi, kama la mwanaume, akalizamisha mpaka vidole vikapotea, akaliingiza lote mdomoni. Shavu likajaa. Shangazi akamshika kifundo cha mkono. "Meri! Hajaonja!"

"Nina njaa," Meri akasema, chakula kikimtoka pembeni mwa mdomo. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa amekasirika sana. "Kila siku tunakula cha baridi. Mimi nimechoka kula cha baridi!"

Yona akafuata, kwa sababu Yona alikuwa anafuata chochote anachofanya Meri. Na mlangoni sauti ya Mama Halima, ambaye hakuna aliyemwalika, ikasema, "Nami nipakulieni kabla hakijapoa."

Wazee hawakula, lakini pia hawakuondoka na watoto. Mama Halima alisimama mbele yao, mikono kiunoni, akasema yeye ni mtu mzima, yuko nyumba hii hii, atakuwa anatuangalia, na anayetaka kuwachukua aanze na yeye. Shangazi alitoa nguo za watoto kwenye begi moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya kitanda vizuri, kwa sababu hakuwahi kuweza kutupa kitu ovyo. Mlangoni aligeuka.

"Wakifa, msinipigie simu."

"Hatutakupigia," nikasema.

Na hatukumpigia. Meri sasa yuko sekondari, ananizidi kimo na ananisahihisha Kiingereza changu kwa dharau. Yona anakula kuliko fundi. Meza ya mama imekuwa kibanda, kibanda kimepata bati, na ukipita Nzuguni mchana ukasikia harufu ya mlenda, ni mimi.

Ndiyo maana nilicheka simu ilipoita. Hata hivyo nilikwenda. Meri alinikasirikia. "Ulimwambia hutampigia. Sasa unamfuata?"

"Mimi sijapiga," nikamwambia. "Yeye ndiye kapiga."

Nilichukua uwele wangu, mlenda wangu, karanga zangu na chungu changu. Njiani nilipanga maneno mengi. Yule jirani alinipokea barabarani, akanieleza tukiwa tunatembea. Shangazi alianza na kifua kibaya, akalazwa, akapata nafuu, akarudishwa. Kabla hata hajafika nyumbani tumbo likamshika. "Watu wakataka wampe mizizi," jirani akasema. "Akakataa katakata! Akasema geuzeni gari, nirudisheni hospitali sasa hivi, hii naijua, hii ndiyo iliyomuua wifi yangu. Madaktari wamemkata kipande cha utumbo. Wanasema angechelewa kidogo tu asingekuwepo."

Nilisimama pale barabarani. Maneno yote niliyopanga yakaniishia.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, amekuwa mdogo, mabega kama ya mtoto. Nikapiga goti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Nyemo." Akatazama mzigo wangu. "Daktari karuhusu ugali laini. Na mlenda, kwa vile unateleza."

"Kumbe ulimsikia," nikasema.

Hakuuliza ni nani. Alijua tunazungumza habari ya benchi la zege na yule daktari wa hijabu. Alivuta kanga yake, akaifunga upya, akanitazama usoni.

"Nilimsikia."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile." Akaweka kiganja tumboni. "Damu huwezi kuigombeza, Nyemo."

Nilingoja aongeze neno. Hakuongeza, na mimi sikumsaidia kulitafuta. Nilikwenda jikoni nikafunga mlango. Nilichemsha maji, nikatia magadi, nikanyunyiza mlenda, nikakoroga, nikatia karanga, na harufu ikajaa chumba kile chote. Nilipika kwa uangalifu ule ule niliompikia mama, si pungufu, kwa sababu mkono wangu haujui kupika kwa namna nyingine.

Jirani zake walikuwa wameketi ukutani kutazama. Nikamnawisha, nikaweka ugali, nikaweka bakuli, nikarudi nyuma, nikaketi. Shangazi akatazama bakuli. Akanitazama mimi. Akangoja. Jirani mmoja akakohoa kidogo, kama mtu anayenikumbusha.

Nikaweka mikono mapajani.

"Mimi nimeshiba, shangazi," nikasema.

Mlenda ulianza kupata ngozi. Shangazi aliutazama mpaka nikadhani hataugusa. Kisha akakata tonge, akachovya, uzi ukavutika kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni kwake, akaukata kwa kidole, akameza. Akakata la pili. Alikula mpaka chini ya bakuli pakaonekana, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeonja kabla yake. Mwisho akalamba kidole gumba na kunirudishia bakuli.

"Chumvi kidogo," akasema.

"Imetosha, shangazi."